Karatasi ya Mashine na Haki ya Bibi wa Vitumbua

  

Leo sina pishi wala mapambo ya nyumba. Leo nataka kuwaeleza kisa cha mashine ndogo isiyozidi mkebe wa biskuti, iliyoko juu ya kaunta ya duka langu. Ni printa ya risiti. Wengi wenu mnaofanya biashara mnayo au mnafikiria kununua, na nimeulizwa mara nyingi, "Dada, ile programu yako inayotoa ankara nzuri zile umeipata wapi?" Nitawaambia. Ila nikiwaambia hilo tu nitakuwa nimeficha nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayonikosesha usingizi mpaka leo nikiikumbuka.

Daftari la mama

Duka hili nimelirithi kwa mama, Mungu amrehemu. Tunauza vyakula kwa jumla na rejareja: mchele, unga, sukari, mafuta, hamira, viungo. Wateja wetu wakubwa ni wanawake wenzetu, wapika vitumbua, mandazi, sambusa na urojo, na pia maduka madogo ya mitaani na nyumba chache za wageni huko shamba. Biashara kama hii hapa Unguja huwezi kuifanya bila kukopesha. Mama lishe anachukua bidhaa Jumamosi, anapika wiki nzima, analipa Ijumaa.

Mama alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mteja na ukurasa wake. Akiandika, alisema kwa sauti, "Mchele kilo kumi... sukari kilo nne..." na mteja aliyesimama mbele yake aliitikia, "Naam... naam." Mimi nilikuwa mtoto wa skuli, nikidhani anasema kwa sababu kuandika kunamchosha.

Daftari lile lilikuwa na shida zake. Mvua za masika zilivuja juu ya meza, wino ukatanda. Panya alikula pembe. Na mimi nilipolichukua duka, mwandiko wangu ukawa mbaya kuliko wa mama, nikawa nabishana na wateja kama hiyo ni saba au ni moja. Mtoto wa dada yangu, ambaye amesomea kompyuta, akaniambia, "Mama mdogo, hii kazi iachie mashine."

Jinsi printa ile inavyofanya kazi

Hebu nieleze kidogo, maana kuna dada zangu watakaotaka kujua, na si jambo la kuogopa.

Printa ya risiti ya aina hii haitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto. Ndani ya mashine kuna kichwa chenye nukta ndogo ndogo za moto, na karatasi inapopita juu yake, panapopata joto panakuwa herufi. Ndiyo maana ukikwaruza karatasi ile kwa ukucha kwa nguvu inaacha mstari mweusi. Likumbukeni jambo hili la joto, tutalirudia.

Karatasi ziko za upana wa aina mbili zinazotumika zaidi, milimita 58 na milimita 80. Printa yangu ni ya 80. Kwa herufi za kawaida mstari mmoja unachukua herufi 48. Zile ndogo za 58 zinachukua 32. Hapo ndipo hesabu ya kupanga ankara inapoanzia. Mpwa wangu alikaa na penseli akagawa: jina la bidhaa nafasi 24, idadi nafasi 6, bei nafasi 8, jumla ya mstari nafasi 10. Zikijumlishwa, 48 kamili. Bidhaa yenye jina refu ikizidi nafasi zake, inakatwa au inashuka mstari wa pili. Usipoipangia hivyo, tarakimu zote zinasogea na ankara inakuwa kama meno ya mzee.

Mwanzo tulijaribu kuchapa kama watu wanavyochapa barua, kwa kuiambia kompyuta kuwa ile ni printa ya kawaida. Ikatoka ankara ya karatasi kubwa iliyofinywa mpaka ikatosha, herufi kama mayai ya chawa. Baadaye mpwa wangu akagundua kuwa printa hizi zina lugha yake. Kampuni ya Epson ndiyo iliyoitunga, na printa nyingi za makampuni mengine zinaifuata. Inaitwa ESC/POS. Ni tarakimu tupu unazozituma pamoja na maneno yako. Ukituma 27 na 64, printa inasahau yote ya nyuma na kuanza upya. Ukituma 27, 97 na 1, maneno yanakaa katikati. 27, 69 na 1, herufi zinakuwa nene. 29, 86 na 0, kisu kinakata karatasi. Hata droo ya pesa inafunguka kwa amri ya namna hiyo, maana waya wake unachomekwa kwenye printa yenyewe.

Yeye aliandika programu kwa Python, na kuna maktaba ya bure iitwayo python-escpos inayomrahisishia mtu asikariri tarakimu zote hizo. Siku ya kwanza ankara ilitoka nzuri, ila jumla ya chini haikuonekana. Tukaitafuta. Kumbe kisu kiko juu ya kichwa kinachochapa, kwa hiyo ukikata kabla ya kusogeza karatasi mistari kadhaa, mistari ya mwisho inabaki ndani ya mashine na kutokea juu ya ankara ya mteja anayefuata. Tulicheka mpaka tukatokwa na machozi. Mteja wa pili alikuwa amepewa deni la mwenzake kichwani.

Tulicheka. Ningejua, ningelichukulia lile kuwa onyo.

Bismillahi iliyokataa

Kuna jambo jingine lilitokea siku zile za mwanzo. Mimi nilitaka kila ankara ianze na Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, kama mama alivyoanza kila ukurasa wa daftari lake. Kiswahili hakikuwa na tabu, kwa sababu herufi zetu hizi printa yoyote inazijua. Kiarabu kikatoka alama za kuuliza na vijumba vitupu. Herufi za Kiarabu huungana na kubadilika umbo kutegemea zimekaa wapi katika neno, na huandikwa kutoka kulia, na printa nyingi za aina hii hazina akili hiyo. Dawa yake ni kuichora kwenye kompyuta na kuituma kama picha, nukta kwa nukta. Mpwa wangu akafanya hivyo, ikatoka nzuri, nikafurahi sana.

Wiki haikupita, nikaiona chini. Karatasi ya ankara yetu, imekanyagwa, kwenye maji machafu mbele ya soko, na jina la Mwenyezi Mungu juu yake. Nikainama nikaiokota, mikono inanitetemeka. Jioni ile nikamwambia aitoe. Sasa Bismillahi imetundikwa ukutani kwenye fremu, na mimi naitamka kwa mdomo kabla sijabonyeza. Dada zangu wenye maduka, kabla hamjaweka maneno matukufu kwenye karatasi ya risiti, fikirini karatasi ile itaishia wapi.

Siku ya kuhesabu zaka

Programu ikaenda vizuri miezi saba. Au ndivyo nilivyodhani. Ankara zinatoka safi, kila moja na namba yake. Wateja wakawa wananiheshimu zaidi. Hata mimi mwenyewe niliheshimu karatasi zile. Mtu akibisha nilikuwa nafungua kompyuta na kumwambia, "Angalia mwenyewe, mashine haidanganyi."

Nyumba moja ya wageni walibisha. Mhasibu wao alinipigia simu akisema ankara zangu mbili ni za bidhaa zilezile na yeye atalipa moja moja tu. Nikamwona mjanja. Nikamwambia Baba Watoto, "Hawa wameshazoea kudhulumu wauzaji wadogo." Nikakaa nao moyoni vibaya.

Ikafika Shaaban, na mimi kila mwaka kabla ya Ramadhani nafanya hesabu ya zaka ya biashara. Unahesabu bidhaa zilizoko dukani kwa bei ya siku ile, unaongeza pesa taslimu, unaongeza na madeni ambayo una matumaini ya kulipwa, kisha ukitoa unachodaiwa na watu na kilichobaki kikifika nisabu, unatoa asilimia 2.5. Kwa hiyo nilikuwa napita deni moja moja, kwa utulivu, usiku, watoto wamelala.

Nikafika kwenye jina la bibi mmoja, anayepika vitumbua Jang'ombe. Ni mtu mzima sana, alikuwa mteja wa mama kabla yangu. Nikaona mchele kilo 10, shilingi 28,000. Sukari kilo 4, shilingi 12,000. Mafuta lita 3, shilingi 18,000. Hamira pakiti 2, shilingi 2,000. Jumla 60,000. Chini yake, ankara nyingine: mchele kilo 10, sukari kilo 4, mafuta lita 3, hamira pakiti 2. Jumla 60,000. Siku ileile. Nikatazama saa. Zimepishana dakika nne.

Hakuna mpika vitumbua anayerudi baada ya dakika nne kuchukua mzigo uleule.

Zote mbili zilikuwa zimeandikwa: IMELIPWA.

Nilihisi baridi mwilini, na usiku ule ulikuwa wa joto. Nikampigia mpwa wangu saa tano za usiku. Akaja asubuhi, akakaa na programu yake, na baada ya kimya kirefu akaniambia, "Mama mdogo, karatasi iliisha."

Ilikuwa hivi. Ile programu ilikuwa inafanya mambo mawili kwa pamoja ukibonyeza CHAPA: inaandika deni jipya na inatuma maneno kwenye printa. Karatasi ikiisha katikati, au umeme ukikatika, ankara inatoka nusu. Mimi nafanya nini? Nabadilisha roli, nabonyeza CHAPA tena. Karatasi inatoka nzima, mteja anaondoka nayo, sote tumeridhika. Lakini ndani ya kompyuta kuna madeni mawili yenye namba mbili. Programu haikujua kama karatasi imetoka au haijatoka. Ilijua kwamba imetuma tu. Na mimi sikujua kama kubonyeza mara ya pili ni kukopesha mara ya pili.

Mkono uliobonyeza ni wangu. Sikutaka kumtupia mtoto wa watu.

Tukapitia miezi yote saba. Ankara tisa zilirudiwa, za wateja sita. Mbili zilikuwa za ile nyumba ya wageni, na hizo hawakuzilipa, kwa sababu wana mhasibu na faili. Wale niliowaita madhalimu walikuwa wanasema kweli. Zile saba zilizobaki zote zililipwa. Na waliolipa, wapenzi wangu, wote watano walikuwa wanawake wanaopika.

Hilo ndilo lililonichoma. Makosa ya mashine yalipita sawa kwa wote, lakini aliyekuwa na mhasibu aliyaona, na asiye na mhasibu aliyalipa.

Kwenda Jang'ombe

Pesa zote zilikuwa shilingi 351,000. Bibi wa vitumbua peke yake alikuwa na ankara mbili zilizorudiwa, hiyo ya 60,000 na nyingine ya 47,500. Nikazitia pesa zake kwenye bahasha, nikavaa baibui, nikaenda baada ya Alasiri.

Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kwema?"

Nikakaa jamvini. Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, ila kwa maneno machache kwa sababu koo lilinikaba. Nikamwekea bahasha. Hakuigusa. Akaendelea kuchambua, kidole kinapeleka mawe pembeni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, bibi?"

"Nilijua mwezi ule mambo hayakukaa sawa. Nilipika vilevile, nikauza vilevile, pesa haikubaki. Nikasema labda nimezeeka, nimechukua mara mbili nikasahau."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama. "Karatasi ya mashine, mwanangu. Mimi nitabishana nayo vipi?"

Akainuka akaingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na ankara zangu zote, miezi saba, amezikunja vizuri. Alikuwa akiziweka rafuni karibu na jiko anapokaangia. Nikafungua ya kwanza. Nyeupe. Ya pili, nyeupe yenye kivuli cha kijivu. Karatasi ile inachapwa kwa joto, na joto hilohilo linaiua. Jua, moto wa jiko, mafuta ya kupikia, hata nailoni ikikaa nayo sana, vyote vinaifuta au kuitia weusi. Bibi wa watu aliweka ushahidi wake kwa uaminifu kuliko mimi, na ushahidi ukafutika mikononi mwake. Uliobaki ni wangu, kwenye kompyuta, na wangu ulikuwa wa uongo.

Kisha akaniambia jambo ambalo halimo kwenye bahasha yoyote. Mwezi ule alikuwa hana mchango wake wa upatu. Miaka yote anacheza na wanawake wenzake hajawahi kuchelewa, na siku ile ilibidi asimame mbele yao aombe asubiriwe. Mmoja wao akasema kwa sauti, "Bibi naye siku hizi." Akajitoa kwenye upatu, asije akasemwa tena.

Nikamwomba anisamehe. Akasema amenisamehe, na Mungu anisamehe. Akaichukua bahasha, akahesabu noti mbele yangu, moja moja, kwa sauti. Sikukasirika. Ilikuwa haki yake.

Nilipokuwa navaa viatu akaniita. "Mwanangu, mama yako alikuwa ananisomea."

"Naam, bibi?"

"Akiandika, alikuwa ananisomea. Nikisikia kosa, namwambia. Wewe unanipa karatasi."

Tulivyorekebisha

Wale wengine wanne nao niliwafuata mmoja mmoja. Mhasibu wa nyumba ya wageni nikampigia kumwomba radhi, akacheka, akasema hutokea. Kisha tukarudi kwenye programu. Nayaandika haya kwa faida ya kila dada anayetumia au anayetaka kutengenezewa mfumo kama huu. Mwulizeni fundi wenu maswali haya kabla hamjalipa.

Kwanza, kuandika na kuchapa vitenganishwe. Sasa kwetu deni linahifadhiwa kwanza kwa kitufe chake, linapata namba yake, na namba hiyo haibadiliki. Kuchapa ni kutoa picha ya kilichokwisha kuandikwa. Ukichapa mara kumi, deni ni lilelile moja.

Pili, kila karatasi ya marudio ina neno NAKALA kwa herufi nene juu yake, na namba ileile ya mwanzo. Mteja akiwa na karatasi mbili zenye namba moja, anajua ni kitu kimoja.

Tatu, printa inaulizwa kabla ya kutumiwa kazi. Katika lugha ile ya ESC/POS, ukituma 16, 4 na 4, printa inajibu kuhusu hali ya karatasi yake. Karatasi ikiwa imekwisha, programu inaniambia nibadilishe kwanza. Lakini si printa zote za bei nafuu zinazojibu, kwa hiyo jaribuni yenu kabla ya kuitegemea. Na hata ikijibu, inaweza kukwama katikati. Ndiyo maana lile jambo la kwanza ndilo msingi.

Nne, programu ikiona mteja yuleyule, bidhaa zilezile, ndani ya saa moja, inasimama na kuniuliza: "Una hakika hili ni deni jipya?" Swali dogo tu. Lingekuwepo toka mwanzo, bibi asingetoka kwenye upatu.

Tano, karatasi ya joto si ya kuwekwa miaka. Wateja wenye ofisi nawatolea ankara ya karatasi ya kawaida ya A4. Wateja wangu wanaopika, kila mmoja nimemnunulia daftari dogo la skuli. Naandika kwa kalamu ya wino tarehe, namba ya ankara na jumla, na mstari wa pili anapolipa. Daftari linakaa kwake.

Na la mwisho, msichanganye. Ankara hii ya ndani ya duka ni baina yako na mteja wako. Haichukui nafasi ya risiti ya kielektroniki ya ZRA, hiyo ni wajibu wake mwingine.

Nani asome, nani aandike

Usiku mmoja wa Ramadhani ile nilikuwa nasoma Suratul Baqara, nikafika aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na ni aya ya deni. Nimeisoma tangu chuoni, na ningeulizwa ningesema inatuamrisha tuandike madeni. Ndivyo nilivyojisifu nilipoinunua printa, kwamba mimi naandika kila kitu, hata kidogo.

Safari hii nikaenda nayo taratibu pamoja na tafsiri, nikagundua nilichokuwa nakiruka. Inataka mwandishi aandike kwa uadilifu, na anayetoa maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa. Mdaiwa ndiye anayesema, mwandishi anaandika. Akiwa ni mnyonge asiyeweza kusema mwenyewe, basi msimamizi wake amsemee kwa haki.

Nikaweka msahafu magotini, nikamkumbuka mama na wale "naam" wa wateja wake. Kumbe hakuwa amechoka. Alikuwa anampa mdaiwa nafasi ya kusema. Mimi nikaja na mashine nikaigeuza kazi: mdai ndiye msemaji, mdai ndiye mwandishi, mdai ndiye shahidi, na mdaiwa anapewa karatasi. Deni niliandika, lakini aya nilikuwa nimeifuata nusu.

Siku hizi dukani kwangu kuna foleni kidogo, na wengine hulalamika kuwa nachelewesha. Kabla sijabonyeza kitufe cha kuhifadhi, namwambia mteja, "Haya, niambie umechukua nini." Anasema, mimi naandika. Nikimaliza nasoma kwa sauti mpaka jumla. Akisema naam, ndipo nahifadhi, ndipo nachapa. Kijana wangu wa duka mwanzo aliona haya kusema kwa sauti mbele za watu. Sasa amezoea.

Bibi wa vitumbua bado ni mteja wangu. Kwenye upatu hajarudi, nilimwuliza mara moja akabadilisha maneno, sikumwuliza tena. Jumamosi iliyopita alikuja kuchukua mzigo wake. Nikasoma: mchele kilo kumi, sukari kilo nne, mafuta lita tatu, hamira pakiti tatu.

"Mbili," akasema.

Nikatazama kaunta. Zilikuwa mbili. Nikafuta, nikaandika mbili, nikasoma upya.

"Naam," akasema.

Wapenzi wangu, mwenye kukopesha na akague madaftari yake, ya karatasi au ya kompyuta, kabla ya Ramadhani kuingia. Tazameni tarehe, tazameni saa, tazameni waliolipa bila kuuliza. Na ukikuta haki ya mtu, usimtumie kwa simu ukaona yamekwisha. Vaa baibui lako uende.

Mwenyezi Mungu atutakasie mali zetu, atusamehe tuliyoyafanya kwa kujua na kwa kutojua, na awarehemu mama zetu waliotufundisha bila ya sisi kujua kuwa tunafundishwa. Amin.

Tukutane tena, inshaallah.